Nimeacha rumba na mpira, mbona tamaa haijaniacha?

"Shalom mchungaji. Nina miaka 34, ninaishi Ruashi, hapa Lubumbashi, na mke wangu na watoto wawili. Kazi yangu ni deklaran, mwandaaji wa karatasi za forodha, katika shirika moja la uchukuzi, wiki nyingi niko mpakani Kasumbalesa. Mshahara ni dola 350, na kuna miezi unachelewa. Huu ni mwaka wa tatu niko katika kanisa moja la uamsho, ni shemasi. Tulifundishwa kuikimbia dunia. Nikaacha rumba, nikaacha kwenda kuangalia timu ya Mazembe, mke wangu akaacha kusuka rasta. Lakini moyoni mambo yamezidi. Nikimwona shemasi mwenzangu anashuka kwenye jeep, sala yangu inakufa. Kwa ndoa ya shemeji tulikopa dola 500 kwa Bank Lambert, mkopeshaji wa riba wa mtaani, za kikwembe (kitenge cha sare) na mchango, tusionekane watu bure. Sasa nadaiwa 750. Mwezi wa tatu mwenye mzigo alinipa dola 200 ili nipunguze tani kwenye karatasi. Nilipokea. Nikatoa 20 za zaka na 30 kama mbegu, ili Mungu anifungulie mlango. Mke hajui. Usiku silali vizuri. Je, niache kazi? Nihame kanisa? Mimi bado ni Mkristo?"

Ndugu yangu,

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Ndiyo, wewe bado ni Mkristo. Ungekuwa umempa Kristo kisogo, zile dola 200 ungekuwa umeshazisahau na leo ungekuwa unasubiri nyingine. Dhamiri yako iko hai, wala usiiombee inyamaze kabla haijamaliza kazi yake.

Lakini barua yako imeweka katika gunia moja mambo yasiyofanana, na sehemu ya taabu yako inatoka hapo. Mshahara wa dola 350 unaochelewa, pamoja na watoto wawili na kodi ya nyumba, si kishawishi cha dunia. Hiyo ni shida, na kutamani mshahara ufike kwa wakati si tamaa mbaya. Kumwonea mwenzako kijicho ni jambo jingine. Deni la ndoa ni jingine tena. Na kusaini tani pungufu ni jambo la mbali kabisa na hayo, kwa sababu lina mtu aliyedhulumiwa na lina sheria yake. Ukiyaita yote "dunia" utajikuta unatubu umaskini na kuisamehe rushwa.

Rumba na mpira nitavipitia haraka. Mtu akiona muziki fulani unamrudisha kwenye baa na kwenye mke wa mwenziwe, auache, wala asisubiri ruhusa ya mtu. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, ulifanya vema. Lakini kama kuipenda Mazembe ni dhambi, basi wachungaji wengi wa mji huu tumekwisha. Mwaka 2010 walipocheza fainali ya dunia ya vilabu na Inter ya Milano, sijui ni mtumishi gani wa Mungu aliyekuwa amejifungia akifunga na kuomba. Paulo aliwaandikia Wakolosai kuhusu amri za namna hiyo, "Msishike, msionje, msiguse", akasema zinaonekana kuwa na hekima, lakini hazifai kitu katika kuzizuia tamaa za mwili. Umelijaribu neno hilo kwa maisha yako mwenyewe na umeona ni kweli. Umeacha vitu viwili vitatu, na tamaa imebaki nyumbani imekaa kwenye kiti chake.

Wazee wetu wa imani waliliona hilo zamani. Antoni wa Misri, katika karne ya 3, aligawa mashamba ya wazazi wake, akauza vitu vyake na kuwapa maskini, akaenda kuishi peke yake nje ya kijiji, na baadaye jangwani. Huko hakukuwa na bendi wala baa. Askofu Athanasio, aliyeandika maisha yake, anasema vishawishi vya kwanza vilivyomfuata vilikuwa kumbukumbu ya mali aliyoiacha, wasiwasi juu ya dada yake, kupenda fedha na kupenda sifa. Kupenda sifa, kwa mtu aliyeacha vyote na kujitenga! Ndiyo maana Yesu alipowaombea wanafunzi wake hakuomba wahamishwe. "Mimi siombi kwamba uwatoe katika ulimwengu, bali uwalinde na yule mwovu."

Sasa dunia ambayo Biblia inatuonya tusiipende ni nini? Haiwezi kuwa watu, maana Mungu aliupenda ulimwengu huo hata akamtoa Mwanawe. Haiwezi kuwa vitu vyenyewe pia, maana viliumbwa vyema. Wewe unafanya kazi karibu na mizani ya malori, utanielewa upesi. Lori likipanda pale, mizani haiulizi dereva ana watoto wangapi wala amelala wapi. Inatoa namba moja, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa. Dunia ni mizani inayopima watu namna hiyo: amevaa nini, ameshuka kwenye gari gani, ametoa ngapi. Na mtu akishazoea kupimwa hapo, anaanza kuamini kwamba namba ile ndiyo yeye. Yohana anaposema "tamaa ya mwili, na tamaa ya macho, na kiburi cha uzima", mawili kati ya hayo matatu ni mambo ya kutazama na kutazamwa. Rumba huisikii kwa macho, ndugu yangu. Jeep ndiyo uliyoiona, na uliiona ukiwa umesimama kwenye uwanja wa kanisa.

Tazama jambo moja katika barua yako. Kasumbalesa kila siku unapitisha mizigo ya watu wenye mamilioni. Shaba na kobalti vinapita mbele yako, na mwenye mzigo huenda analala mtaa wa matajiri wa Golf katika nyumba ya vyumba kumi. Hujaandika kwamba huyo anakuchoma moyo. Anayekuchoma ni shemasi mwenzako, mliyeanza naye pamoja, mnayevaa naye beji ileile. Husuda haipandi mbali, inamtafuta mtu wa kimo chetu. Mhubiri alisema juhudi yote na kazi yote ya ustadi inatoka katika mtu kupingana na mwenzake. Kwa hiyo ukitaka kujua kama ni jeep unayoitaka au kitu kingine, jiulize hivi: ningepewa jeep hiyo kwa sharti kwamba hakuna mtu wa kanisani atakayeiona kamwe, je, ningeendelea kuitamani kiasi hiki? Kama jibu ni ndiyo, labda umechoka tu na taxi-bus na pikipiki, na hilo linaeleweka. Kama jibu ni hapana, unachokitafuta ni macho ya watu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mafundisho uliyopewa. Ulifundishwa kwamba dunia iko nje ya ukuta na kanisa liko ndani. Yakobo hakuona hivyo. Anaeleza ibada: anaingia mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, anaambiwa "Keti wewe hapa mahali pazuri", anaingia maskini, anaambiwa "Simama wewe pale, au keti miguuni pangu." Hiyo ni dunia kamili, na imo ndani ya kusanyiko, na anayeiingiza ni mhudumu wa mlangoni. Jumapili ijayo usimtazame mwenye jeep. Tazama viti. Nani anawekewa kiti cha plastiki cha mbele chenye kitambaa? Nani jina lake linasomwa kwenye mikrofoni pamoja na kiasi alichotoa? Mama anayeuza makaa, akichelewa kwa sababu ametembea kwa miguu kutoka Katuba, anaonyeshwa wapi? Sisemi kanisa lako ni baya kuliko mengine. Hata kwetu Wamethodisti kuna viti vyenye wenyewe.

Kwa kuwa nimewataja Wamethodisti, nikupe jambo alilolitambua mwanzilishi wetu, John Wesley, ambalo linaeleza vizuri kwa nini waumini wazuri wanatekwa. Alisema imani ya kweli humfanya mtu awe na bidii na aache ufujaji. Hanywi tena, hachezi kamari, anafika kazini kwa wakati. Bidii na uangalifu vinaleta mali. Mali ikija, inaleta kiburi na kuipenda dunia, na imani inapungua kwa kiasi kilekile mali inachoongezeka. Yaani mlango wa kishawishi hauhitaji shetani mwenye pembe. Unafunguliwa na baraka zenyewe. Wesley alihangaika na hilo mpaka uzee, na dawa aliyoiona ilikuwa moja tu, kutoa. Katika mahubiri yake anasimulia habari za Mmethodisti mmoja wa Oxford, ambaye wengi wanaamini alikuwa yeye mwenyewe: mwaka wa kwanza alipata pauni 30, akaishi kwa 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata akapata 60, akaishi kwa 28 zilezile, akatoa 32. Baadaye akafika 90, kisha 120, na matumizi yake yakabaki 28. Sikuambii uishi hivyo kwa dola 350, huna cha kupunguza. Nakuambia ili uone kwamba huyo mtu aliamua mwenyewe kiasi kinachomtosha kabla fedha haijafika, wala hakungoja jirani amwamulie.

Twende kwenye zile dola 50. Hapa nitasema wazi, na unisamehe ukali.

Fundisho la kutoa fedha kama mbegu ili Mungu arudishe mara nyingi halikutoka Malaki. Lilienezwa sana na wahubiri wa Marekani katika karne ya 20, Oral Roberts akiwa mbele, likafika kwetu kwa mikutano, kaseti na televisheni. Malaki 3, inayosomwa kila tunapoombwa sadaka, inazungumza na taifa zima lililoacha kuleta zaka ghalani "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu", na Kumbukumbu la Torati 14 inasema zaka ya mwaka wa tatu waile Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Wanatheolojia wa Kiafrika wa Harakati ya Lausanne, mtandao wa Wakristo wa kiinjili duniani, walikutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009 kulijadili jambo hili. Walikubali kwamba Mungu hubariki na kwamba Biblia inahesabu hata afya na mali kati ya baraka zake, lakini wakakataa fundisho linaloipima imani ya mtu kwa mali yake na linalodai kwamba baraka inaweza kununuliwa kwa sadaka. Nakubaliana nao. Kutoa ni kwema sana, na wewe una moyo wa kutoa, usiupoteze. Lakini ulichofanya siku ile hakikuwa kutoa. Ulijaribu kumshirikisha Mungu katika mgawo.

Unakumbuka vipande 30 vya Yuda? Alipovirudisha na kuvitupa hekaluni, wakuu wa makuhani, walewale waliovitoa wao wenyewe, walisema si halali kuviweka katika sanduku la sadaka. Hata wao. Zaka haisafishi fedha. Kama ingesafisha, kila mwizi wa mji huu angetoa sehemu ya kumi na kulala kama mtoto.

Sasa kazi. Wengi watakuambia uiache, na wengine watakuambia Kasumbalesa ndivyo ilivyo, matabishi, yaani hongo ndogondogo, ni chumvi ya bukari (ugali). Wote wawili wanakurahisishia. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji mtoni wakamwuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kibanda cha ushuru. "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Askari nao akawaambia, "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo; tena mtoshewe na mshahara wenu." Zakayo aliahidi kurudisha mara nne na kuwapa maskini nusu ya mali yake, na Luka haandiki kwamba aliacha kazi. Lakini Mathayo, mtoza ushuru vilevile, aliinuka akaacha yote. Kwa hiyo Maandiko yana njia zote mbili, na kinachoamua si jina la kazi. Kinachoamua ni kama kuna namna yoyote ya kuifanya bila kusaini uongo.

Tofautisha pia kati ya kunyang'anywa na kuhongwa. Wewe ukiwa na karatasi zako zote sawa, halafu mtu mwenye mhuri akakaa juu yake mpaka umpe kitu, umeporwa haki yako. Si jambo zuri, na ukiweza kupinga pinga, omba risiti, mwite mkuu wake, subiri hata kesho. Lakini mwenye dhambi kubwa ni aliyekushikia. Ulichofanya mwezi wa tatu ni kinyume chake. Mwenye mzigo alinunua mkono wako. Tani zile hazikutoweka, zilipita barabarani kama zilivyo, na ushuru wake haukulipwa. Usijidanganye kwamba aliyekosa ni serikali tu. Barabara unayopita kila wiki unaijua. Sheria namba 05/006 ya tarehe 29 Machi 2005, iliyoongezwa kwenye kanuni ya adhabu ya Kongo, inamwadhibu anayetoa rushwa na anayepokea. Nakutajia ili ujue uzito wa jambo, na pia kwa sababu inahusu ushauri nitakaokupa chini.

Siwezi kuzungumza na deklaran wa Kongo juu ya jambo hili bila kumtaja Floribert Bwana Chui wa Goma. Alizaliwa mwaka 1981, akasoma sheria, akaajiriwa OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, kazi jirani kabisa na yako. Kulikuwa na chakula kilichoharibika kikitoka ng'ambo ya mpaka, na watu waliompa fedha ili akipitishe. Alikataa. Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri, huko Roma. Mimi si Mkatoliki, na ninamhubiri bila kigugumizi.

Lakini sikupi mfano huo ili nikubebeshe msalaba wa mtu mwingine. Una mke na watoto, na sitakuambia utafute kufa. Ninachotaka ukione kwa Floribert ni kitu kidogo ambacho mara nyingi kinapitwa: hakuwa peke yake. Alikuwa katika jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, siku zake za mapumziko alikuwa na watoto wa mitaani wa Goma, wale wanaoitwa maibobo, akiwasaidia kurudi shuleni. Watu wa karibu walijua anashinikizwa. Kila wiki alikaa na watu ambao hawakuwa na haja ya kujua ana gari gani. Na chakula kile kibovu kwake hakikuwa namba kwenye fomu, alijua kitaliwa na nani. Wewe una rafiki gani leo anayejua kwamba mwezi wa tatu ulipokea? Umeniandikia mimi usiyenijua. Siri yako ndiyo nguvu ya mwenye mzigo. Akirudi mwezi ujao atajua ameshakushika.

Kwa hiyo kabla hujaamua kuacha kazi, jaribu kuifanya kwa unyofu ukiwa na mashahidi. Tafuta deklaran mwingine mmoja au wawili wenye nia hiyo; wapo, mimi nimekaa nao. Kubalianeni nini hamtasaini. Mwambie bosi wako mapema, kabla ya lori kufika, kwamba unaandika kilicho kwenye mizani. Huenda ukapoteza wateja, na huenda bosi akakasirika. Ukiona shirika lenyewe linaishi kwa karatasi za uongo na linakutaka uwe mkono wake, hapo anza kutafuta njia ya kutoka, polepole, ukiwa bado unalipwa. Kuacha kazi kesho asubuhi ukiwa na deni la Bank Lambert si imani, utakuwa umewahamishia watoto njaa.

Dola 200 zenyewe zisibaki mikononi mwako kama faida, hata kama zimeshaliwa. Zihesabu kama deni. Aliyedhulumiwa ni hazina ya umma, na njia iliyonyooka ni kuirekebisha ile karatasi. Ila hilo lina matokeo ya kisheria kwako na kwa shirika, kwa hiyo usikimbilie ofisi yoyote wala usisimame kanisani kushuhudia kabla hujaongea na wakili. Baraza la mawakili lina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo, uliza Lubumbashi. Wakili ana wajibu wa kutunza siri. Kama atakuonyesha kwamba njia hiyo imefungwa, toa kiasi hicho kidogo kidogo kwa wenye shida wasioweza kukulipa wala kukutangaza, na kisisomwe kwenye mikrofoni.

Deni la ndoa linaniuma zaidi, kwa sababu hakuna aliyekulazimisha na bado ulilazimika. Ninajua ndoa zetu. Familia inachagua kikwembe, super wax, bei inatangazwa, na asiyekivaa anapigwa picha pembeni kama mgeni aliyepotea njia. Hapo mizani ninayoisema imeshonwa na kuvaliwa na watu mia moja kwa rangi moja. Kuvaa vizuri kwa ndugu yako si dhambi, ni furaha. Ila dola 250 juu ya 500 ni bei ya nini? Mke wako hakuzivaa, shemeji hakuziona. Umezilipa kwa ajili ya kutosemwa alasiri moja.

Sasa uzime moto kwanza. Bank Lambert inakua kila mwezi, kwa hiyo ndiyo ya kulipwa kabla ya mbegu, kabla ya mchango wowote, na ndiyo, kabla ya zaka, kwa miezi michache. Nenda kwa mkopeshaji ukiwa na mtu mzima anayeheshimika, omba riba isimame ulipe kwa mafungu, andikeni karatasi. Kama amekushikia kadi ya benki au kitambulisho, hilo pia mwambie wakili. Kama mke wako yuko kwenye muziki ya akina mama au nyie mna likelemba kazini, yaani vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu, ombeni zamu yenu isogezwe mbele. Fedha ya namna hiyo haina riba, na inatoka kwa watu wanaokujua. Na mwulize mchungaji wako kama kanisa linalopokea mbegu lina mfuko wa kumsaidia shemasi aliyezama kwenye deni. Jibu utakalopata litakusaidia kwenye swali lako la pili kuliko maneno yangu.

Kuhusu kuhama kanisa, sina haraka. Nimeona watu wakihama makanisa matatu Lubumbashi hii na kubeba kijicho kilekile kila walikokwenda, maana kanisa jipya lina jeep zake pia. Kanisa lako lilikufundisha kuomba, na pengine ndilo lililokutoa kwenye ulevi au upweke. Huo si mzigo wa kutupa. Baki, ukiona unaweza kumwambia mchungaji wako ukweli bila kugeuzwa mfano wa mahubiri, na kama ukisema "mwezi huu sina" unaheshimiwa vilevile. Ondoka kwa amani, bila kumsema mtu, kama ukipungukiwa fedha unaambiwa umelaaniwa, kama unasukumwa ukope ili utoe, au kama wanajua fedha inatoka wapi na wanafurahi tu. Na ukiwa unangoja kuamua, pumzika ushemasi kwa muda. Kaa nyuma. Utashangaa jinsi ibada inavyosikika ukiwa hapo ambapo hakuna anayekutazama.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi. Kama kukosa usingizi kumepita wiki mbili, kama chakula hakipiti, kama unaanza kuwaza kwamba watoto wangekuwa salama bila wewe, usisubiri maombi ya kufungua. Nenda hospitali ya Sendwe au kituo cha afya kilicho karibu, umwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniandikia, na mtu asikuache peke yako. Kama mwenye mzigo au mkopeshaji anakutishia, usiende kumwona peke yako. Na kwa habari ya roho, tafuta mtu mmoja mzima katika imani, mchungaji, mupe (padri) au mzee wa kanisa, asiyepata kitu kutoka kwako, ukae naye uso kwa uso kila mwezi na umwonyeshe hesabu zako za fedha. Ndiyo, hesabu za fedha. Wengi wetu tuko tayari kuungama uzinzi kabla hatujamwonyesha mtu tulichopokea na tulichotumia.

Limebaki la mke wako. Umeandika "mke hajui" katikati ya barua kama jambo dogo. Mwambie, wiki hii, kabla hajaahidi kikwembe kingine. Usimwambie usiku umechoka, wala mbele ya watoto. Mweleze kiasi, mweleze ulichofanya, halafu umwachie nafasi ya kukasirika. Ana haki hiyo, yeye aliacha hata kusuka nywele kwa sababu mlikubaliana kuikimbia dunia pamoja. Akishatulia, wekeni karatasi mezani, muandike mwezi mmoja wenu unatakiwa kuwa dola ngapi, pamoja na kusuka kwake. Zikizidi 350, niandikieni tena wote wawili, tuangalie la kufanya.